Muuguzi wa Pili

Fomu ya waigizaji wapya ilikuwa karatasi moja, imechapwa mbele na nyuma, na mstari wake wa saba uliuliza: Kazi uliyofanya kabla. Asubuhi hiyo watu kumi na wawili walikuwa wamebanana kwenye benchi la korido. Walipofika mstari wa saba, kumi na mmoja kati yao waliinua kalamu, wakatazama dari kidogo, kisha wakaandika uongo. Aliyekaa mwisho, mwanamke wa miaka hamsini na mmoja mwenye viatu vyeupe vya raba, hakuona haja ya kutazama dari. Aliandika kwa mwandiko wake wa mviringo uliozoea kadi za kliniki: Mkunga, wodi ya wazazi, miaka ishirini na mitatu. Halafu akapiga mstari chini ya ile miaka, kwa sababu alijivunia.

Jirani yake, mwanamume mrefu mwenye kovu lililotoka sikioni hadi kidevuni, aliichungulia fomu ile, akatikisa kichwa.

"Dada, hapo umejimaliza."

"Nimejimalizaje? Si wameuliza?"

"Wameuliza, ndiyo. Mimi nimefundisha jiografia miaka kumi na mmoja. Hili kovu nililipata nikitundika ramani darasani, ngazi ikateleza. Lakini hapa nimeandika biashara. Mtu wa biashara anaweza kuwa yeyote. Wewe umeshawaambia wewe ni nani, hawatahangaika tena kukufikiria."

Fomu zikakusanywa. Mwalimu wa jiografia alipewa ujambazi siku hiyohiyo kwa sababu ya kovu, na hakupewa kitu kingine tena maishani, kwa hiyo hekima yake haikumfaa hata yeye mwenyewe. Mwanamke wa viatu vya raba alipewa uuguzi. Hakuwa hata muuguzi mwenye jina. Alikuwa Muuguzi wa Pili, mwenye sentensi moja ya kusema: "Daktari anakuja." Toka siku hiyo watu wakamwita Mkunga, kwenye orodha, kwenye gari la kazi na kwenye foleni ya chai, mpaka jina alilopewa na wazazi wake likabaki kazi ya mdogo wake peke yake, na mdogo wake naye alizoea kumwita dada.

Watu walidhani aliacha hospitali kwa kuchoka na damu. Damu haikuwahi kumsumbua. Katika wodi ile, kwa mama mwoga alikuwa shangazi, kwa mama mkaidi alikuwa askari jela, na kwa binti wa miaka kumi na saba aliyekuja peke yake alikuwa mama mzazi, machozi na kila kitu. Ikipigwa kengele ya chumba cha pili alibadilika mlangoni, akaingia mtu mwingine. Siku moja alijihesabia, akaona amekwisha kuwa watu elfu kadhaa, na hakuna hata mmoja kati yao aliyepata kupigiwa makofi. Akaandika barua ya kustaafu mapema.

"Wenzako wanaacha kuigiza wakatafute kazi," mdogo wake alimwambia, pasi mkononi. "Wewe unaacha kazi ukaigize. Haya, mimi simo."

Lakini alikuwamo, kwa kuwa waliishi nyumba moja, na ndiye aliyemnyooshea sare ya uuguzi kila Jumapili kwa miaka mitatu. Katika miaka hiyo mitatu Mkunga alisema "Daktari anakuja" mara sitini na mbili, katika tamthilia nne.

Kuna jambo ambalo wanaokaa mbele ya televisheni hawalijui, wala hawana haja ya kulijua, nalo ni kwamba hakuna aliyezaliwa mwigizaji. Yule daktari aliyekuwa akija, zamani alikuwa mkaguzi wa nyama, na alishika kifua cha mgonjwa kana kwamba anatafuta pa kugonga muhuri. Waziri alikuwa mlinzi wa lango la benki. Nyota wa tamthilia, ambaye picha yake ilibandikwa hadi kwenye mabasi, alikuwa karani wa duka la matairi. Mwongozaji mwenyewe alianza kwa kupiga video za harusi, na hata leo mtu akifa kwenye onyesho lake, kamera huzunguka polepole kama inamtafuta bibi harusi. Wote hao waliandika biashara kwenye mstari wa saba. Wakapewa dunia nzima wachague.

Ndipo ikaja tamthilia ya mahakama. Ndani yake mlikuwa na hakimu mwanamke, mtu mzima, ambaye katika sehemu ya mwisho alikuwa na sentensi arobaini na moja mfululizo bila kukatizwa. Mkunga aliziona kwenye skripti ya mtunza mwendelezo, yule dada ambaye kazi yake ni kuandika daftarini nani alishika kikombe kwa mkono gani, ili onyesho likirudiwa asije akakishika kwa mwingine. Kabla ya hapo dada huyo alikuwa karani wa mahakama ya kweli. Alimwazima Mkunga kurasa zile, akamweleza pia jinsi mahakimu wanavyotazama juu ya miwani.

Mkunga alizikariri akiosha vyombo. Mdogo wake akawa mshtakiwa, huku anapiga pasi. Kwa wiki tatu mdogo mtu alihukumiwa kifungo cha miaka kumi na minne kila jioni, na kola zote zikanyooka vizuri. Sentensi ya mwisho ndiyo ilikuwa ngumu, maana ilikuwa ndefu na ilitaka pumzi: "Umesimama mbele yangu siku kumi na tisa ukidhani sikuoni, nilikuona tangu siku ya kwanza, na leo, mbele ya watu hawa wote, nitasema nilichokiona."

"Hiyo ukiisema hivyo mbele yao, wamekwisha," mdogo wake alisema, na akakaa chini, jambo ambalo hakulifanya kwa kawaida akiwa na pasi ya moto.

Mkunga akamfuata mwongozaji kwenye ngazi. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na sita, mwenye adabu zake. Shikamoo hakuwahi kuisahau.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, nataka usaili wa hakimu."

Mwongozaji alimtazama viatu. "Mama, hakimu ni mtu mkubwa."

"Na mimi mtu mdogo?"

"Sivyo, sivyo. Sikiliza, Jumanne tuna onyesho la kujifungua. Nyota anajifungua. Nisaidie lile litoke vizuri, nami nakuwekea usaili. Ni ahadi."

Jumanne saa nne asubuhi walikuwa tayari. Wodi ilijengwa kwa mbao nyembamba ndani ya lililokuwa bohari la rangi, na ukiegemea ukuta ulisogea. Nyota alilala kitandani, mto umefungwa tumboni kwa mikanda miwili chini ya gauni. Mwongozaji akasema aksheni, Nyota akaanza kupiga kelele.

Alipiga kelele kama mtu aliyebanwa kidole na mlango. Mkunga alivumilia kwa muda, akashindwa. Aliinama sikioni mwa Nyota, akamshika mkono.

"Kelele zinakula nguvu, mama. Pumua. Vuta kwa pua. Hivyo hivyo. Nipo hapa, siendi popote."

Nyota akaacha kuigiza. Alimkamata Mkunga mkono hadi pete ikamwingia nyamani, akaanza kupumua. Mkunga akapitisha mkono mwingine chini ya shuka, akaushika mto. Ulikuwa mgumu. Ulikaza, ukalegea, ukakaza tena, na alipohesabu akaona ni kila baada ya dakika mbili. Akamwomba mshonaji wa mavazi uzi imara na mkasi, na mshonaji akautumbukiza mkasi kwenye birika la chai lililokuwa likichemka pembeni, akauleta. Saa nne na dakika ishirini alizaliwa mtoto wa kike mwenye nywele nyingi, kilo tatu na kitu. Mkunga alimfuta, akamfunga kitovu, akamlaza kifuani mwa Nyota. Mto ulikuwa umesinyaa.

"Kata," alisema mwongozaji. "Mama, sentensi yako."

"Ipi?"

"Daktari anakuja. Hukusema."

"Mtoto ameshatoka. Daktari aje kufanya nini?"

"Najua ameshatoka, mama. Lakini imeandikwa."

Mtu wa sauti akaomba mtoto apelekwe nje kwa sababu kilio chake kilikuwa kinajaa kwenye vipaza sauti. Mtu wa vifaa akaujaza mto sponji mpya. Wakarudia.

Mara ya pili Mkunga alisema "Daktari anakuja" kwa wakati wake, na mtoto akazaliwa, lakini taa moja ilizimika. Mara ya tatu Nyota alitazama kamera. Mara ya nne kila kitu kilikwenda sawa, ila mtoto alikuwa wa kiume, na mtunza mwendelezo alisema haiwezekani kabisa, kwa kuwa sehemu ya kumi na mbili mtoto ni binti na tayari anasoma chekechea. Wakatumia ile ya pili, wakaongeza mwanga baadaye. Hadi wanakwenda kula chakula cha mchana walikuwa na watoto wanne, wamelazwa kwenye sanduku la mavazi ya kifalme, juu ya joho.

Ofisa ustawi wa jamii alifika saa nane na fomu zake. Kwenye nafasi ya jina la mama alisita. Nyota alisema yeye alikuwa anaigiza tu, na kwamba ana mkataba wa kutangaza mafuta ya ngozi. Ofisa aliuliza basi aandike nini, watu wakamwonyesha. Akaandika: Mto. Dereva wa gari la kazi, ambaye yeye na mkewe walikuwa wamesubiri miaka tisa, alimchukua mtoto wa kwanza. Mshonaji aliwachukua wa pili na wa tatu. Waziri alimchukua yule wa kiume, akamshika kwa mikono miwili bila kumtikisa, kama alivyokuwa akishika mabegi ya wateja wa benki. Ofisa akagonga mihuri, akaomba chai.

Sehemu hiyo iliporushwa hewani watu walilia hadi kwa vinyozi. Nyota alihojiwa redioni, akasema kwamba mwigizaji wa kweli hutoa kitu kutoka ndani kabisa. Mtayarishaji, aliyewahi kuuza mabomba ya maji na bado alipenda mambo yanayotiririka, akaagiza kila sehemu iwe na mtu anayejifungua. Siku moja walijaribu kumweka Muuguzi wa Kwanza peke yake, ili Mkunga apumzike kidogo. Mto ukabaki mto. Hawakujaribu tena.

Kwa hiyo Mkunga akawa mtu wa lazima. Ungedhani hapo ndipo mambo yangemnyookea. Jumatatu iliyofuata alitazama orodha ya siku iliyobandikwa mlangoni, akajitafuta kwenye waigizaji, hakujiona. Akashuka chini zaidi. Alijikuta chini ya kichwa cha vifaa: beseni, dripu, kitanda, Mkunga, mto.

Damu ilimchemka. Alikwenda kwa meneja wa kazi na karatasi mkononi.

"Hii ni nini?"

"Aa, mama, hayo ni mambo ya karatasi tu. Vifaa vinafika saa moja kasoro, waigizaji saa mbili. Wewe tunakuhitaji mapema."

"Nimewekwa na beseni!"

"Ni kwa alfabeti," meneja alisema, na aliona amejibu.

Jambazi, yaani yule mwalimu wa jiografia, alimpa pole kwenye foleni ya chai. Yeye alikuwa amekamatwa mara thelathini na nane katika tamthilia mbalimbali, na hata siku moja hakupewa sentensi ya kueleza kwa nini aliiba. Alimshauri akaombe fomu mpya, ajaze upya. Mkunga akaenda. Karani wa ofisi akampa fomu bila ubishi. Alipofika mstari wa saba aliinua kalamu, akatazama dari, akaandika biashara. Karani akaipokea, akaibana kwa pini nyuma ya ile ya zamani.

"Kwa nini nyuma?"

"Ya kwanza ndiyo inayosomwa, mama. Hizi nyingine tunatunza."

Miezi mitano ikapita. Mkunga alizalisha mito ishirini na sita. Alizalisha ya malkia, ya mwanafunzi, ya mke wa pili, na mmoja wa mwanamke aliyetakiwa kufa, akakataa kufa mikononi mwake, na waandishi wakalazimika kubadilisha hadithi. Watoto wote walipata watu. Orodha ya wanaosubiri ilibandikwa jikoni, na kulikuwa na majina ya watu wa idara ya taa peke yao saba. Aliwapenda wale watoto, hilo asisingiziwe vingine. Lakini kila alipomfuta mmoja uso, sentensi arobaini na moja zilikuwa zimesimama kooni, hazipandi wala hazishuki, na mwongozaji kila akimwona kwenye ngazi alikuwa na simu sikioni.

Siku moja alimwekea mguu mlangoni. "Mwanangu, uliniahidi."

Mwongozaji alishusha simu. Ilikuwa imezimwa. "Ijumaa saa tisa, mama. Juu ofisini."

Ijumaa alivaa gauni jeusi la mdogo wake na viatu vya mdogo wake vya kisigino, vilivyombana. Ofisini walikuwapo watatu nyuma ya meza ndefu: mwongozaji, mtayarishaji, na katibu wa kampuni, binti mwembamba mwenye sketi ya mkanda, aliyepewa kazi ya kusoma maneno ya mshtakiwa. Mtayarishaji alikuwa akitazama simu yake. Mkunga hakushika karatasi. Alivaa miwani, akatazama juu yake, akaanza.

Alitumia sauti moja ambayo wodini aliitoa mara chache, ile ya saa ambayo utani umekwisha na kila aliyemo chumbani anapaswa kufanya anachoambiwa. Kufikia sentensi ya sita mtayarishaji aliweka simu chini. Kufikia ya kumi na tano mwongozaji alikaa wima na kufunga vifungo vya shati lake. Katibu, aliyekuwa anasoma tu kama mtu anayesoma risiti, aliacha kusoma, akaanza kujitetea kwa maneno yake mwenyewe. Aliomba msamaha kwa jambo fulani la mwaka juzi ambalo halikuwa kwenye skripti. Mkunga alimsikiliza hadi mwisho, kama hakimu, kisha akaendelea. Hakuwahi kuwa na furaha ya namna ile. Alikuwa amesimama mahali pake.

Kwenye sentensi ya thelathini na tatu katibu alishika ukingo wa meza.

Asubuhi hiyo hakuwa na mimba. Mkanda wake ulikuwa kwenye tundu la mwisho. Sasa mkanda ulikuwa umefunguka wenyewe. Mkunga aliliona paji la uso lake likilowa, akaona jinsi alivyoinua bega moja, akajua. Akageuza macho, akatazama ukuta. Katika miaka ishirini na mitatu hakuwahi kugeuza macho mbele ya mwanamke mwenye uchungu, na sasa aligeuza, akasema sentensi ya thelathini na nne, ya thelathini na tano na ya thelathini na sita kwa ukuta, kila moja kamili, huku moyoni akimwomba yule binti amsubiri. Kwenye ya thelathini na saba chupa ilipasuka. Maji yakapita chini ya meza hadi kwenye viatu vya mwongozaji.

Mwongozaji akainua miguu. "Endelea, mama," alisema. "Endelea tu, tunakusikiliza."

Lakini wote watatu walikuwa wanatazama mikono yake.

Mkunga alivua viatu vya mdogo wake. Alipiga magoti nyuma ya meza, akaviringisha mikono ya gauni jeusi, na kutoka huko chini akasema sentensi ya thelathini na nane. Ya thelathini na tisa aliisema kichwa cha mtoto kikionekana. Ya arobaini aliikatiza mara moja kumwambia katibu asisukume, akairudia tangu mwanzo ili isiharibike. Ya arobaini na moja, ile ndefu, aliisema yote kwa pumzi moja, mtoto akiwa mikononi mwake, na hakuna aliyeisikia, kwa sababu mtoto alikuwa analia na mtayarishaji alikuwa anapiga simu jikoni waseme jina linalofuata kwenye orodha.

"Hakuna jina," alisema katibu kutoka sakafuni. "Huyu ni wangu."

Basi, wakafuta jina la katibu kwenye orodha, maana naye alikuwa amejiandikisha.

Mwongozaji alimpelekea Mkunga kitambaa. "Mama, umekuwa vizuri sana. Sikuvishi kilemba cha ukoka. Vizuri mno. Lakini umeona mwenyewe."

"Nimeona nini?"

"Mahakamani tuna mshtakiwa, mawakili wawili, watazamaji arobaini. Wakianza wote?"

"Mimi nilikuwa hakimu pale. Tangu ya kwanza hadi ya mwisho nilikuwa hakimu. Huyu kajifungua mwenyewe."

"Ndiyo, mama," mwongozaji alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomkera kuliko matusi. "Lakini itazame mikono yako."

Akaitazama. Hasira akaenda nayo nyumbani. Mdogo wake alifungua mlango, akaona viatu vimeshikwa mkononi, akarudi kuwasha jiko bila kuuliza. Waliposhiba ndipo aliposema, "Si uache, dada? Urudi wodini angalau wakulipe kwa jina lako."

"Wodini nipo kila siku," Mkunga alisema. "Sijui hata niliondoka lini." Kisha akalia, si kidogo, na mdogo wake akamkalia pembeni, akimsugua mgongo kwa mduara, kwa namna ambayo Mkunga mwenyewe alimfundisha zamani.

Uhakimu alipewa mama mmoja aliyekuwa akiuza vioo vya madirisha. Alikuwa na shingo ndefu na nywele za mvi zilizokaa vizuri, na kwenye mstari wa saba alikuwa ameandika biashara, ambayo kwa upande wake ilikuwa kweli. Hakuwa mtu mbaya. Siku ya kurekodi sehemu ya mwisho alisalimia kila mtu, akapanda kitini, akasema sentensi arobaini bila kukosea, na kwenye ya arobaini na moja pumzi ikamwishia njiani. Wakarudia. Ikamwishia palepale, kwenye "siku ya kwanza." Walirudia mara kumi na moja. Watazamaji arobaini walianza kupiga miayo kwa zamu, na mtunza mwendelezo akawa anaandika nani ameshapiga.

Upande wa pili wa ukuta wa mbao ilikuwa wodi, na Mkunga alikuwa amekaa humo kwenye ukingo wa kitanda, glavu tayari, anasubiri onyesho lake la saa sita. Alikuwa anasikia kila kitu. Mwongozaji akachungulia.

"Mama, wewe maneno yale unayajua. Hebu msaidie mwenzio kidogo."

 Angeweza kukataa, hakuna karatasi iliyosema vifaa vitoe masomo. Alifikiria kukataa, akalionja lile neno ulimini, na ukuta ukawa unatikisika kidogo kwa sababu upande wa pili yule mama wa vioo alikuwa ameuegemea akilia kimyakimya. Akainuka.

Alisimama kando ya kiti cha hakimu, akaweka kiganja mgongoni mwa mama wa vioo, chini kidogo ya mabega.

"Usianze juu, mama. Ukianza juu utamaliza nguvu njiani. Vuta kwa pua. Shikilia. Usisukume bado, ngoja ikujie yenyewe. Unaisikia?"

"Naisikia."

"Basi, isindikize tu."

Akarudi nyuma ya kamera. Mwongozaji akasema aksheni, na sentensi ikatoka nzima, ikiwa na uzito wake na sauti yake, ikajaa bohari lote: umesimama mbele yangu siku kumi na tisa ukidhani sikuoni, nilikuona tangu siku ya kwanza. Mshtakiwa, ambaye alikuwa Jambazi, alitoa machozi ambayo hayakuandikwa. Watazamaji arobaini waliacha miayo. Hakuna aliyejifungua, na hakuna aliyelitaja hilo.

"Hiyo!" mwongozaji alipiga kelele, akamkumbatia mama wa vioo, na watu wakapiga makofi mpaka mbao zikayumba. Halafu akataka irudiwe mara moja zaidi, kwa kamera ya upande.

Wakajipanga upya. Hakimu akavuta pumzi kwa pua, akashikilia, akaanza, na nyuma ya kamera midomo ya Mkunga ikawa inakwenda pamoja naye, halafu mbele yake, ikifika mwisho wa kila neno kabla ya hakimu. Mtu wa sauti aliinua mkono, kazi ikasimama. Akavua vipokea sauti vya masikioni, akamjia kwa kunyata, akamnong'oneza kwa heshima zote.

"Samahani, mama. Pumzi yako inaingia kwenye rekodi."

Wakaanza tena. Mkunga akaibana mpaka hakimu akamaliza.